Sura ya Nne: Fowili Isiyoshika

Kata ya Zuzu iko magharibi mwa Jiji la Dodoma, katika ukanda ambao Reli ya Kati huupita ikielekea Bahi na Manyoni, na ambao wakazi wake wengi huishi kwa ufugaji na kwa kilimo cha mtama, uwele, alizeti, karanga na zabibu. Kama ilivyo kwa sehemu kubwa ya uwanda wa kati wa Tanzania, mvua huko ina msimu mmoja tu, unaoanza kati ya mwisho wa Novemba na Desemba na kukoma Aprili, na jumla yake kwa mwaka ni milimita 500 hadi 600 hivi. Miezi inayobaki ni kiangazi kikavu chenye upepo na vumbi. Hali hiyo, ambayo kwa kawaida hujadiliwa katika vitabu vya kilimo, ina uzito wake pia katika ufundi wa magari, kwa sababu pikapu yenye uwezo wa kuendesha magurudumu yote manne hukaa miezi saba bila uwezo huo kuhitajika, kisha hutakiwa kuutoa wote kwa siku moja, pale mvua ya kwanza kubwa inapougeuza udongo mweusi wa mbuga kuwa tope la kunata, na korongo lililokuwa njia ya mkato linapojaa maji na mchanga uliolegea.

Sura hii inahusu mfumo huo wa magurudumu manne, ambao madereva na mafundi huuita kwa kifupi fowili, na hoja yake ni moja: katika pikapu iliyotumika, fowili huharibika kwa kukaa bila kazi angalau kama inavyoharibika kwa kufanya kazi, na kwa hiyo mahali pa kuichunguza si kwenye tope bali kwenye uwanja mkavu, wakati wa kiangazi, kwa kufuata njia ya nguvu kipande kwa kipande badala ya kununua vipuri kwa kubahatisha. Uchunguzi wenyewe hauhitaji mashine ya kompyuta kwa sehemu kubwa ya pikapu zinazotembea vijijini. Unahitaji jeki imara, mawe ya kuzuia magurudumu, kipande cha chaki, na mtu anayeelewa kwa nini anagusa anachokigusa.

Njia ya nguvu kutoka injini hadi tairi

Katika pikapu ya kawaida, nguvu ya injini hupita kwenye klachi na giaboksi, kisha huingia kwenye kisanduku cha pili kilichoungana na giaboksi kwa nyuma, ambacho mafundi hukiita transifa. Kazi ya transifa ni kuamua kama nguvu iende kwa magurudumu ya nyuma peke yake au igawiwe mbele na nyuma, na vilevile kama iende kwa kasi ya kawaida au ipunguzwe kasi ili iongezeke uwezo wa kuvuta. Dereva huiamuru kwa gia ndogo iliyo kando ya gia kuu, yenye alama za H2, H4 na L4: ya kwanza ni ya magurudumu mawili, ya pili ni ya magurudumu manne kwa mwendo wa kawaida, na ya tatu ni ya magurudumu manne kwa gia nzito, ambayo katika pikapu nyingi za Kijapani huongeza nguvu ya kuvuta kwa mara mbili hadi mara mbili na nusu huku ikipunguza kasi kwa kiasi hichohicho.

Kutoka kwenye transifa hutoka propela mbili, yaani mabomba ya chuma yanayozunguka, moja likielekea nyuma na jingine mbele, na kila moja huishia kwenye difu. Difu ni kisanduku cha meno kinachogeuza mzunguko wa propela kuwa mzunguko wa magurudumu na, wakati uleule, kuliruhusu gurudumu la kushoto na la kulia kuzunguka kwa kasi tofauti gari linapokata kona. Kutoka kwenye difu, fimbo mbili za chuma ziitwazo hafushafti hupeleka nguvu kwenye magurudumu, na kwa magurudumu ya mbele, ambayo lazima pia yageuke kushoto na kulia, fimbo hizo huwa na kiungo chenye gololi ndani yake, kiitwacho sivijointi, kinachofunikwa na buti la mpira au, katika ekseli nzima za mtindo wa zamani, hukaa ndani ya tufe la chuma lililojazwa grisi.

Pikapu zinazozungumziwa hapa ni zile ambazo kuunganishwa kwa mbele na nyuma ni kwa muda tu, dereva anapotaka, na ambazo zikishaunganishwa propela zote mbili hulazimika kuzunguka kwa kasi moja bila kupishana. Toyota, iliyoanza kutengeneza Hilux mwaka 1968 na kuipa fowili mwaka 1979, imetumia mpango huo kwa miongo mingi. Land Cruiser pikapu ya mfululizo wa 79, iliyoanza mwaka 1999, nayo ni ya namna hiyo, na Nissan Hardbody na Isuzu za kazi hufuata kanuni ileile. Mitsubishi L200 nyingi pia, ingawa baadhi yake zimewekewa mpango mwingine unaoruhusu fowili kutumika hata kwenye lami.

Kuunganisha magurudumu ya mbele

Gari linapokwenda kwa magurudumu mawili, haifai hafushafti, difu na propela ya mbele vizungushwe bure na magurudumu, kwa kuwa vitalika na kuongeza matumizi ya mafuta. Ndiyo maana watengenezaji waliweka mahali pa kukatia mawasiliano kati ya magurudumu ya mbele na njia ya nguvu, na kwa kuwa mahali hapo ndipo penye hitilafu nyingi zaidi, ni muhimu mwenye gari ajue lake ni la aina gani kabla ya kuita fundi.

Aina ya kwanza ni frihabu ya mkono, kifuniko cha duara kilicho katikati ya gurudumu la mbele chenye kitasa cha kuzungusha na maandishi FREE na LOCK. Kitasa kikiwa kwenye FREE, gurudumu huzunguka peke yake. Kikiwa kwenye LOCK, ringi yenye meno iliyo ndani husogea na kulifunga gurudumu kwenye hafushafti. Aina ya pili ni frihabu inayojifunga yenyewe pindi hafushafti inapoanza kuzunguka, na ambayo kwa kawaida hujifungua baada ya gari kurudishwa kwenye H2 na kuendeshwa kinyumenyume mita moja au mbili. Aina ya tatu haina kitu cha kufunga kwenye gurudumu. Badala yake, ndani au kando ya difu ya mbele kuna ringi inayokata hafushafti ya upande mmoja, na ringi hiyo husukumwa ama na mota ndogo ya umeme ama na kikombe chenye ngozi ya mpira kinachovutwa na vakumu, yaani nguvu ya kufyonza hewa.

Msomaji anaweza kujiuliza inawezekanaje kukata upande mmoja tu kukatoshe kupumzisha ekseli yote, na jibu la swali hilo ndilo ufunguo wa sehemu kubwa ya uchunguzi unaofuata. Difu ya kawaida hupeleka nguvu kwenye upande usio na ukinzani, hivyo upande mmoja ukiwa huru, nguvu yote hutorokea huko na upande wa pili haupati kitu. Kutokana na hilo, frihabu moja isiyoshika, au sivijointi moja iliyokatika, haipunguzi nusu ya nguvu ya mbele kama wengi wanavyodhani, bali huifuta yote. Gari huwa na fowili kwenye dashibodi na magurudumu mawili tu kwenye udongo.

Malalamiko ambayo si ubovu

Kabla ya spana kushikwa, yapo malalamiko matatu yanayopaswa kuchujwa, kwa sababu huwapeleka watu gereji bila sababu. La kwanza ni la gari lililokwama huku gurudumu moja la mbele na moja la nyuma, aghalabu kwa mshazari, yakizunguka bure na mengine mawili yakiwa yametulia. Kwa maelezo ya difu yaliyotangulia, hivyo ndivyo pikapu isiyo na difu za kufunga inavyotakiwa kuwa. Fowili yake inafanya kazi, ila magurudumu mawili yamekosa uzito au mshiko, na dawa ni koleo, matawi chini ya tairi, au kupunguza upepo wa tairi, kwa mfano kutoka psi 35 hadi 20, ili tairi litanuke juu ya mchanga. Upepo huo lazima urudishwe kabla ya kurejea kwenye barabara kuu, kwa kuwa tairi laini hupata joto na linaweza kupasuka kwenye mwendo wa kasi.

La pili ni la gia ndogo inayogoma kurudi H2 baada ya safari, jambo linalotokea hasa dereva anapotoka kwenye tope na kuendelea na H4 kwenye lami, kwa mfano kwenye barabara ya Dodoma kwenda Singida. Kwenye kona, magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma, lakini kwa kuwa propela zimefungwa pamoja na lami hairuhusu tairi kuteleza, tofauti hiyo hujikusanya ndani ya mfumo kama msokoto na kuyabana meno ya transifa. Usukani huwa mzito, gari hujihisi kana kwamba breki zimeshika, na gia ndogo haitoki. Kuilazimisha kwa nguvu ni kuivunja; inatosha kulirudisha gari kinyumenyume mita chache katika mstari ulionyooka, au kuliingiza kwenye kokoto za pembeni, na msokoto utafunguka wenyewe.

La tatu ni la taa ya fowili kwenye dashibodi. Taa hiyo huwashwa na swichi iliyo kwenye transifa au kwenye difu ya mbele, na kazi ya swichi ni kutoa taarifa kwamba chuma fulani kimesogea. Haiwezi kujua kama nguvu imefika kwenye tairi. Inawezekana taa iwake na fowili isiwepo, kwa sababu frihabu zimeachwa kwenye FREE, na inawezekana pia taa isiwake na fowili iwepo, kwa sababu waya wa swichi umekatwa na jiwe au umetafunwa na panya gari lilipoegeshwa muda mrefu karibu na ghala la nafaka.

Kuigawa njia katikati

Fundi mwenye uzoefu haanzi uchunguzi kwenye mwanzo wa njia ya nguvu wala kwenye mwisho wake. Huanza katikati, ili jibu moja liondoe nusu ya washukiwa kwa mkupuo. Katikati ya njia ya mbele ni propela ya mbele, na kwa pikapu yenye frihabu za mkono jaribio lake ni la dakika chache. Gari husimamishwa mahali tambarare, magurudumu ya nyuma huzuiwa kwa mawe mbele na nyuma, injini huzimwa, gia kuu huwekwa namba moja, na frihabu zote mbili huwekwa FREE. Gia ndogo ikiwa H2, mtu aliyelala chini ya gari anapaswa kuweza kuizungusha propela ya mbele kwa mkono. Gia ndogo ikihamishwa H4, propela ileile inapaswa kugoma, ikiacha mchezo mdogo tu wa meno. Ikiwa bado inazunguka kwa uhuru, transifa haishiki na hakuna haja ya kugusa frihabu. Ikigoma kama inavyotakiwa, transifa imeondolewa kwenye orodha ya washukiwa na uchunguzi unahamia mbele.

Hatua ya pili huchunguza nusu iliyobaki. Gia ndogo hurudishwa H2, frihabu zote mbili hufungwa LOCK, gurudumu moja la mbele huinuliwa kwa jeki na gari kuegemezwa juu ya stendi ya chuma, kwani jeki peke yake haitoshi kumlinda mtu aliye chini. Gurudumu lililoinuliwa likizungushwa kwa mkono, propela ya mbele inapaswa kuzunguka nalo. Endapo gurudumu linazunguka lakini hafushafti yake imetulia, frihabu ya upande huo haijafunga. Endapo hafushafti inazunguka lakini propela imetulia, mtazamaji aangalie upande wa pili: iwapo hafushafti ya gurudumu lililo chini inazunguka kinyume ilhali gurudumu lake halisogei, frihabu ya upande huo ndiyo mbovu. Jaribio hurudiwa upande wa pili ili kuthibitisha, na milio inayosikika wakati huo, kama mgongano wa chuma au mkwaruzo ndani ya difu, huandikwa kando.

Kwa pikapu zisizo na frihabu, jaribio la pili hubadilishwa kidogo, kwa sababu kifaa cha kukatia kimo kwenye difu na hutegemea injini au umeme. Njia salama zaidi ni kulipeleka gari kwenye mchanga au udongo uliolegea, kuliweka H4, kukata usukani hadi mwisho na kuliachia litembee polepole. Gari lenye fowili iliyoshika litasitasita na kusukuma udongo kwa magurudumu ya mbele. Lisiloshika litazunguka kwa ulaini kana kwamba limo kwenye H2.

Frihabu, vakumu na waya

Frihabu ya mkono ni kifaa rahisi, na maradhi yake katika uwanda wa kati hutokana na vumbi na uzembe wa aina mbili zinazopingana. Kuna zile ambazo hazijafunguliwa kwa miaka, grisi yake ikakauka na kuchanganyika na vumbi hadi kitasa kikawa hakigeuki bila koleo la bomba. Na kuna zile zilizojazwa grisi kupita kiasi na fundi aliyefikiri kwamba nyingi ndiyo bora, ilhali grisi nzito huizuia ringi ya ndani isisogee na springi yake ikashindwa kuisukuma. Tiba ya zote mbili ni moja: frihabu hufunguliwa, huoshwa kwa dizeli au mafuta ya taa, hukaushwa, meno yake huangaliwa kama yamelika pembe, kisha hupakwa grisi nyepesi kiasi cha kuyafunika tu na kufungwa kwa gasketi mpya. Kazi hiyo ni ya saa chache na gharama yake ni ndogo kuliko ya kipuri chochote kitakachotajwa katika sura hii.

Katika mfumo wa vakumu, mpira ndio mshukiwa wa kwanza. Mabomba membamba ya mpira yanayotoka kwenye boneti hadi kwenye difu hupasuka kwa joto la injini na jua, hasa mahali yanapochomekwa, na ufa usioonekana kwa macho hutosha kuvujisha nguvu ya kufyonza. Bomba likichomolewa kwenye kikombe huku injini ikinguruma na gia ndogo ikiwa H4, kidole kilichowekwa mdomoni mwa bomba kinapaswa kuhisi kinavutwa. Kama bomba moja halivuti, lile la pili lijaribiwe katika H2, kwani mifumo mingi ina mabomba mawili yanayopokezana. Bomba likivuta lakini ringi isisogee, ngozi ya mpira ndani ya kikombe imetoboka au ringi imeganda kwa kutotumika. Bomba lisipovuta, hufuatwa kurudi nyuma hadi kwenye solenoidi, yaani vali ndogo zinazofunguliwa na umeme, na kutoka hapo hadi kwenye pampu ya vakumu, ambayo katika injini nyingi za dizeli za Kijapani imefungwa nyuma ya altaneta. Pampu hiyo ndiyo pia inayosaidia breki, na hivyo gari ambalo fowili yake haishiki na pedali yake ya breki imekuwa ngumu lina tatizo moja wala si mawili, tena ni la hatari, na halipaswi kuendelea na safari.

Kwenye L200 za vakumu, taa za fowili zinazopepesa bila kutulia ni ishara kwamba kompyuta imetoa amri lakini haijapata taarifa ya kuitimiza. Mara nyingi chanzo ni solenoidi, mabomba yake au swichi ya difu, vitu ambavyo ni rahisi kuvifikia kuliko transifa ambayo watu huikimbilia. Kwa pikapu zinazotumia mota ya umeme, utaratibu ni fyuzi kwanza, relei pili, plagi ya waya iliyo chini ya gari tatu, na mota mwisho, kwa kuwa plagi iliyoingiwa na maji na vumbi huota kutu ya kijani ambayo huweza kuondolewa kwa brashi.

Transifa, krosi na difu

Transifa yenyewe huharibika kwa nadra, lakini ikiharibika hutoa taarifa mapema. Gia ndogo inayoruka kutoka H4 au L4 dereva anapoachia mafuta ni dalili ya uma wa kubadilishia uliolika au meno yaliyopoteza pembe zake. Mlio wa kudunda unaotokea tu gari linapovuta mzigo kwa gia nzito, katika transifa zinazotumia mnyororo badala ya meno, ni dalili ya mnyororo uliorefuka na kuanza kuruka. Vilevile, gia ndogo iliyo ngumu kupita kiasi isihukumiwe kabla ya kukagua fimbo za kuunganishia zilizo chini ya gari, ambazo katika baadhi ya magari huwa zimefunikwa na tope la miaka mitatu lililogeuka kuwa mawe.

Sauti zinazotokea wakati fowili inafanya kazi zina lugha yake. Mlio wa tak-tak-tak unaoongezeka usukani unapokatwa ni wa sivijointi, na aghalabu hutanguliwa na buti la mpira lililopasuka likaruhusu mchanga kuingia kwenye grisi. Buti likibadilishwa mapema, jointi hupona. Kishindo kimoja wakati wa kuondoka au kubadilisha gia ni cha krosi, yaani kiungo cha umbo la msalaba kilicho kwenye ncha za propela, na unga mwekundu wa kutu kuzunguka vikombe vyake ni uthibitisho kwamba haijapigwa grisi kwa muda mrefu. Mvumo wa mfululizo unaopanda na mwendo hutoka kwenye difu au beringi. Katika ekseli nzima, kama ile ya Hilux LN106 iliyotengenezwa hadi mwaka 1997 na ya Land Cruiser 79, utelezi mweusi na mwembamba unaochuruzika kwenye tufe la nyuma ya gurudumu la mbele huonyesha kwamba sili ya ndani imekufa, mafuta ya difu yamechanganyika na grisi ya jointi, na vyote viwili vimepoteza kazi yake.

Hitilafu iliyo ngumu zaidi kugunduliwa ni ya uwiano wa difu. Kila difu ina uwiano kati ya mizunguko ya propela na ya gurudumu, kwa mfano 4.1 au 4.3, na uwiano wa mbele lazima ulingane na wa nyuma. Pikapu iliyowahi kufungwa difu ya nyuma kutoka kwenye gari jingine inaweza kutembea kwa H2 miaka mingi bila lawama, lakini siku ikiingizwa H4 ekseli zake huanza kushindana: kati ya 4.1 na 4.3 kuna tofauti ya karibu asilimia 5, maana yake ni kwamba katika kila mita 100 ekseli moja hutaka kwenda karibu mita 5 zaidi ya nyenzake, na kitu cha kwanza kusalimu amri kitakuwa tairi, krosi au meno ya transifa. Kipimo chake ni rahisi. Gia kuu ikiwa huru, gia ndogo ikiwa H2 na magurudumu ya mbele yakiwa yamezuiwa, gurudumu moja la nyuma huinuliwa na kuzungushwa mizunguko miwili kamili huku mwingine akihesabu mizunguko ya propela kwa alama ya chaki. Kwa kuwa gurudumu la pili limesimama, mizunguko hiyo miwili ni sawa na mmoja wa difu, na idadi ya mizunguko ya propela ndiyo uwiano. Hesabu hiyo hurudiwa mbele, frihabu zikiwa LOCK na magurudumu ya nyuma yakiwa yamezuiwa, kisha namba mbili hulinganishwa.

Ushindani huohuo huweza kuletwa na tairi. Pikapu iliyofungwa tairi mpya nyuma na zilizolika mbele, au saizi mbili tofauti kwa sababu ndizo zilizopatikana dukani, ina magurudumu yasiyosafiri umbali sawa kwa mzunguko mmoja. Alama ya chaki ikiwekwa kwenye tairi na kwenye ardhi, gari likasukumwa mpaka alama irudi chini, umbali kati ya alama mbili za ardhini ndio mzingo halisi wa tairi chini ya uzito wa gari, na tofauti kati ya mbele na nyuma inapaswa kuwa ndogo sana.

Mafuta kama shahidi

Mafuta ya transifa na difu hueleza historia ya gari ambayo muuzaji hawezi kuificha kwa urahisi. Nati ya kujazia ikifunguliwa, na ni lazima ifunguliwe kabla ya ile ya kumwagia ili kuepuka kubaki na difu tupu isiyojazika, mafuta mazuri yatakuwa na rangi ya asali au kahawia. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Maji hayo mara chache hupenya kwa sababu ya kina cha mto peke yake. Difu iliyopata moto barabarani ikizama ghafla kwenye maji baridi ya korongo, hewa iliyomo husinyaa na kutafuta mahali pa kuvuta, na kama kipumulio chake, kijibomba kidogo kilicho juu ya ekseli, kimezibwa na vumbi la kiangazi, hewa ya nje huvutwa kupitia sili pamoja na maji. Kusafisha kipumulio hakugharimu kitu, na hakuna kazi ya dakika mbili inayookoa vipuri vingi zaidi ya hiyo. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole kwenye nati ya kumwagia ni jambo jingine; unga laini wa kijivu ni wa kawaida, lakini vipande vyenye pembe ni meno.

Ukaguzi wa mnunuzi na kalenda ya mwenye gari

Pikapu zilizotumika hufika Dodoma kwa njia zaidi ya moja. Zipo zinazoagizwa kutoka Japani, ambazo baadhi zimefanya kazi katika mikoa ya theluji ambako barabara humwagiwa chumvi, hivyo kutu ya fremu na mabomba ya breki ikaguliwe kwa makini. Na zipo zinazouzwa kwa mnada baada ya kutumikia taasisi au miradi, ambazo fowili zake huenda zilitumika sana na kutunzwa vizuri kuliko za gari la mtu binafsi lisilowahi kutoka lami. Mnunuzi asiridhike kuona gia ndogo na taa, kwa kuwa kuna wamiliki waliong'oa propela ya mbele ili kuzima kelele au kupunguza matumizi ya mafuta, na wengine waliotoa hafushafti na kufunga vifuniko juu. Kuangalia chini ya gari kabla ya kuliwasha, kufanya majaribio mawili ya propela, kuhesabu uwiano wa difu na kufungua nati tatu za mafuta ni kazi ya asubuhi moja, na muuzaji anayeikataa atakuwa ameshajibu maswali mengi.

Kwa mwenye gari tayari, vitabu vya mwongozo vya Toyota hupendekeza gari liendeshwe kwa fowili angalau kilomita 16 kila mwezi, ili mafuta yazunguke na kuzifunika sehemu za mbele ambazo vinginevyo hukauka. Mapendekezo hayo yanatekelezeka Zuzu kirahisi, kwa sababu njia za udongo na mchanga hazikosekani hata Agosti, na mchanga huruhusu tairi kuteleza bila msokoto kujikusanya. Ukaguzi mkubwa unafaa ufanywe Septemba au Oktoba: ikiwa kipuri kinahitaji kuagizwa kutoka maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, kitakuwa kimefika na kufungwa kabla ya Desemba, wakati ambapo gereji hazijafurika na bei haijapandishwa na haraka ya mteja.

Faida kubwa ya utaratibu huu huonekana mwenye gari anapokutana na fundi. Anayefika na kauli kwamba fowili haishiki hulipia muda wa kutafuta, na huenda akalipia pia transifa ambayo haikuwa na kosa. Anayefika na kauli kwamba propela ya mbele inagoma katika H4, kwamba hafushafti ya kushoto inazunguka ndani ya gurudumu lake, na kwamba uwiano wa mbele na nyuma umehesabiwa na kulingana, ameshamwambia fundi afungue frihabu ya kushoto peke yake, na bei watakayoijadili itakuwa ya kazi hiyo tu.